Msimbo wa kampuni hodhi hauleti zabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa haraka linaonekana ni la makarani na wahasibu peke yao, lakini nimeliona likiwapotezea Waswahili wenzangu huku Marekani miaka na fedha, na ndugu zetu wanaosajili kampuni Dar es Salaam, Mwanza au Arusha nao hukutana nalo kwa sura nyingine. Jambo lenyewe ni namba, yaani msimbo, ambayo mfanyabiashara hutakiwa kuiandika kueleza kampuni yake inafanya shughuli gani, na hasa namba inayochaguliwa na wale wanaojitambulisha kuwa wenye kampuni za usimamizi wa makampuni.

Mimi ni mhasibu, naishi Silver Spring katika jimbo la Maryland, na kwa miaka mingi nimetunza vitabu vya biashara ndogo za watu wa kwetu: kampuni za usafi, za malori, za kuhudumia wazee majumbani. Biashara hizi zikishasimama, mwenyewe hufika mahali akashauriwa aanzishe kampuni mama, au kampuni hodhi, itakayomiliki hisa za zile nyingine. Ushauri huo una faida zake katika kulinda mali na kupanga urithi, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unaanza pale kampuni mama hiyo inapopelekwa mbele ya serikali kuomba zabuni kwa jina la usimamizi.

Binamu yangu alikuwa na kampuni ya usafi na nyingine ya malori. Akafungua ya tatu juu ya hizo mbili, kisha akamlipa wakala amfanyie usajili katika mfumo wa wazabuni wa serikali ya shirikisho unaoitwa SAM. Wakala yule aliiandikisha ile ya juu peke yake, kwa msimbo mmoja tu, 551112. Binamu yangu akasubiri mwaka mzima. Hakuitwa kwenye kikao, hakutumiwa ombi la bei, hakuulizwa chochote. Usajili ulipokaribia kumalizika muda wake, kwa kuwa huhuishwa kila mwaka, wakala alimtaka alipe tena, na hapo ndipo alipokuja kwangu na bahasha ya makaratasi akaniuliza, "Dada, kwani serikali hii haihitaji wasimamizi?" Swali lake lilikuwa la haki, na nimelisikia kwa wengine wengi tangu siku ile.

Ili kulijibu, sina budi kueleza msimbo ule umetoka wapi. Mfumo wa namba hizi unaitwa NAICS. Uliandaliwa kwa pamoja na Marekani, Kanada na Meksiko, ukapitishwa 1997 kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani ambao Marekani ilikuwa nao tangu miaka ya 1930, na hupitiwa upya kila baada ya miaka mitano, ndiyo maana watu hutaja toleo la 2017 au la 2022. Uchumi wote umegawanywa katika sekta 20. Tarakimu mbili za mwanzo za kila msimbo hutaja sekta, zinazofuata huzidi kuichambua shughuli, na ya sita kila nchi kati ya hizo tatu hujipangia kwa mahitaji yake. Sekta ya 55, ambayo jina lake ni usimamizi wa makampuni na mashirika, ndiyo fupi kuliko zote: ina misimbo mitatu tu. Wa 551111 ni wa ofisi za kampuni hodhi za benki, wa 551112 ni wa ofisi za kampuni hodhi nyingine zote, na wa 551114 ni wa makao makuu na ofisi za kanda zinazosimamia matawi ya kampuni yao wenyewe.

Kuna sababu ya sekta hii kuwapo, na anayeijua hataitafutia zabuni. Katika mfumo wa zamani, makao makuu ya kampuni yalihesabiwa ndani ya kazi yaliyoihudumia. Ofisi kuu ya kampuni ya viatu ilihesabiwa pamoja na viwanda vya viatu, hata kama ilikuwa mjini, mbali na kiwanda, na ndani yake hakuna aliyewahi kushika ngozi. Watakwimu walipotunga NAICS walitaka kuziona ofisi hizo peke yake, wajue zina wafanyakazi wangapi na zinalipa mishahara kiasi gani, na kampuni hodhi ambazo zamani ziliwekwa pamoja na shughuli za fedha zikaletwa hapohapo. Kwa hiyo sekta ya 55 ilizaliwa kwa ajili ya sensa ya uchumi. Anayeingia humo ni ofisi inayoshika hisa za kampuni nyingine ili iwe na sauti ya mwisho juu yake, au ofisi inayopanga na kuamua kwa niaba ya matawi ya kampuni hiyohiyo. Kwa maneno mengine, anayehudumiwa na ofisi ya namna hii ni mtoto wake au ndugu yake, na serikali haimo katika ukoo huo.

Sasa tutazame upande wa pili, wa serikali inayonunua. Serikali ya shirikisho ya Marekani hutumia zaidi ya dola bilioni 700 kwa mwaka katika mikataba ya bidhaa na huduma, na sheria imeweka lengo kwamba angalau asilimia 23 ya thamani ya mikataba mikuu, yaani ile ambayo serikali huingia moja kwa moja na mzabuni, iende kwa biashara ndogo. Kila zabuni inapotangazwa, ofisa ununuzi hutakiwa kuipa msimbo mmoja wa NAICS, ule unaoeleza vizuri zaidi kusudi kuu la kile kinachonunuliwa. Maneno hayo, kusudi kuu la kinachonunuliwa, ndiyo kiini cha habari yote. Ofisa huyo haangalii mzabuni anajiitaje. Anatazama jengo linalotaka kufagiliwa, ripoti inayotaka kuandikwa, mizigo inayotaka kusafirishwa, na kutokana na hayo anachagua msimbo. Je, ni lini idara ya serikali itahitaji kununua huduma ya mtu kumiliki hisa za kampuni zake mwenyewe? Anayejisajili kwa 551112 peke yake ameandika kwenye kibao cha duka lake kwamba yeye ni mwenye duka, lakini hakutaja anauza nini.

Wapo watakaonijibu kwamba kampuni yao haimiliki hisa za mtu, bali inawasaidia wengine kusimamia shughuli zao, na kwamba huo ni usimamizi kweli. Nakubali kabisa kuwa ni usimamizi, ila makazi yake si sekta ya 55. Anayewashauri wateja namna ya kupanga kazi, bajeti, watumishi na mikakati anaangukia 541611, ambao ni msimbo wa ushauri wa uendeshaji. Anayemfanyia mteja kazi za ofisi za kila siku kwa mkataba, kama kupanga fedha, ankara na kumbukumbu, ni wa 561110. Anayechukua jengo zima la mteja na kulihudumia kwa mkupuo mmoja, usafi, ulinzi, matengenezo na utumaji wa barua, ni wa 561210. Na anayefanya usafi peke yake ni wa 561720. Kazi hizi serikali inazinunua kila mwaka, tena kwa wingi, na kila moja ina msimbo unaosema wazi mteja atapata nini baada ya kulipa.

Tofauti kati ya misimbo hii inakwenda mbali kuliko jina, kwa sababu msimbo wa zabuni hubeba pia kipimo cha kusema nani ni biashara ndogo na nani si ndogo. Vipimo hivyo hupangwa na mamlaka ya biashara ndogo, SBA, na kwa shughuli nyingi za huduma hutazamwa wastani wa mapato ya kampuni kwa miaka mitano. Kwa viwango vilivyowekwa 2022, kampuni inayoomba zabuni ya usafi chini ya 561720 ni ndogo ikiwa wastani wa mapato yake hauzidi dola milioni 22. Katika ushauri wa uendeshaji mpaka ni milioni 24.5, katika kazi za ofisi ni milioni 12.5, na katika huduma za pamoja za majengo ni milioni 47. Fikiria basi kampuni yenye wastani wa milioni 30. Kwa zabuni ya usafi peke yake ni kubwa, na haitakiwi kugusa zabuni zilizotengewa wadogo. Zabuni hiyohiyo ikiongezewa ulinzi na matengenezo ikawa ya huduma za pamoja, kampuni ileile, yenye wafanyakazi walewale na mafagio yaleyale, inakuwa ndogo na mlango unafunguka. Ndiyo maana sheria inamruhusu mzabuni anayeona ofisa amekosea msimbo kukata rufaa katika ofisi ya mashauri ya SBA, lakini ana siku 10 tu tangu zabuni kutangazwa. Siku hizo ni chache mno kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza maana ya namba hizo.

Ipo hatua nyingine inayotangulia hata tangazo la zabuni, na hii ndiyo iliyomuumiza binamu yangu bila yeye kujua. Kabla ya kutangaza, ofisa ununuzi hufanya utafiti wa soko, akitafuta kama zipo angalau kampuni mbili ndogo zinazoweza kufanya kazi ile kwa bei ya haki. Akiridhika kwamba zipo, anatakiwa kuitenga zabuni kwa ajili ya biashara ndogo. Asiporidhika, anaiachia uwanja wazi, na wakubwa wanaingia. Utafiti huo hufanywa kwa sehemu kubwa kwa kuchambua orodha za waliojisajili, na uchambuzi wenyewe hupitia misimbo. Mfanyabiashara wa usafi aliyejificha chini ya 551112 haonekani katika orodha ya wafanya usafi. Hasara hapo haikomi kwake, kwa sababu huenda angekuwa yule wa pili aliyekosekana, na wenzake wote wadogo wa mji ule wakakosa zabuni ambayo ingetengwa kwa ajili yao. Mfumo unaruhusu kampuni moja kuorodhesha misimbo mingi, mradi iwe ya kazi inazozifanya kweli, na mmoja wake uwe ndio mkuu. Hakuna tozo kwa kila msimbo unaoongezwa.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la kampuni mama, Mhariri, kwa kuwa hapa ndipo wenzetu waliofanikiwa hujikwaa, na kujikwaa kwao huwa na gharama kubwa kuliko kwa wanaoanza. SBA inapopima kama kampuni ni ndogo, haiipimi peke yake. Huijumlisha na kampuni zote zenye uhusiano wa udhibiti nayo, yaani zile zinazoimiliki, zinazomilikiwa nayo, na zile ambazo mtu mmoja au kampuni moja ina uwezo wa kuziamuru, hata kama uwezo huo haujawahi kutumika. Tuseme ndugu mmoja ana kampuni ya usafi yenye mapato ya dola milioni 9, ya malori yenye milioni 11, na ya kuhudumia wazee yenye milioni 6, zote chini ya kampuni mama moja. Akiomba zabuni ya usafi iliyotengewa wadogo, mapato yatakayohesabiwa ni milioni 26, na mpaka ni milioni 22. Amekwisha kuwa mkubwa, ingawa kampuni yake ya usafi kwa macho ya mtu yeyote ni ndogo. Akijaza fomu kwamba ni mdogo, hata kwa kutojua, mshindani wake aliyeshindwa ana siku 5 za kazi za kupinga, na mkataba unaweza kumponyoka. Na ikithibitika alidanganya kwa makusudi, yanayofuata ni ya mahakama, faini na kufungiwa.

Ukweli ni kwamba kampuni hodhi haiwezi kufichwa hata mtu angetaka, kwa sababu mzabuni hutakiwa kutamka katika SAM nani anammiliki moja kwa moja na nani yuko juu kabisa ya ngazi ya umiliki. Hapo ndipo mahali halali pa kampuni mama katika shughuli nzima ya zabuni: kutajwa kama mmiliki. Kuiomba ifanye zaidi ya hapo, iwe yenyewe ndiyo mzabuni wa kazi ambayo haina mfanyakazi hata mmoja wa kuifanya, ni kumfanya ofisa ununuzi ajiulize maswali ambayo hayana jibu zuri.

Nimejiuliza mara nyingi kosa hili la 551112 linaanzia wapi, mpaka nililipata mezani kwangu mwenyewe. Fomu za kodi ya mapato za Marekani nazo zinamtaka mlipakodi aandike msimbo wa shughuli yake kuu, na orodha ya misimbo iliyoambatishwa na maelekezo ya fomu hizo imetokana na NAICS. Katika orodha hiyo, chini ya kichwa cha usimamizi wa makampuni, zipo kampuni hodhi tu. Mhasibu anayejaza fomu ya kampuni mama huandika 551112, na anafanya sawa, kwa kuwa mamlaka ya kodi inataka kujua mapato ya kampuni ile yametoka wapi. Baadaye mwenye kampuni huichukua namba ileile na kuipeleka SAM akiamini kwamba ni namba aliyopewa na serikali. Hajapewa. Marekani hakuna ofisi moja inayogawa misimbo hii kwa kampuni au kuiidhinisha. Ofisi ya sensa humpangia mfanyabiashara msimbo kwa ajili ya takwimu zake yenyewe, mamlaka ya kodi hupokea ule aliouandika yeye, na katika SAM anajichagulia mwenyewe na kujibebea dhamana ya alichochagua. Nawasihi wahasibu wenzangu tunaohudumia watu wa Afrika Mashariki tuache tabia ya kumkabidhi mteja msimbo wa fomu ya kodi bila kumwambia unaishia wapi, kwani nusu ya makosa ninayoyarekebisha yameanzia kwenye meza zetu.

Kuhusu mawakala nitasema kwa kifupi. Kujisajili SAM ni bure, kupata namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 iliyochukua nafasi ya ile ya zamani mwezi Aprili 2022 ni bure, na kuhuisha usajili kila mwaka ni bure. Anayetaka kumlipa mtu amsaidie kujaza ana haki hiyo, lakini alipie msaada wenye maarifa. Binamu yangu alilipa kiasi ambacho kingetosha kununua mashine ya kusafishia sakafu, na alichopata ni namba moja isiyomfaa.

Msomaji aliyeko Tanzania huenda anasema kwamba haya ni ya Wamarekani. Si ya Wamarekani peke yao. Anayesajili kampuni kwa njia ya mtandao wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hutakiwa kutaja shughuli za kampuni yake kwa kufuata mfumo wa kimataifa wa ISIC, ambao toleo lake la nne lilichapishwa na Umoja wa Mataifa 2008 na limegawa shughuli zote katika sehemu 21 zenye herufi A hadi U. Katika toleo hilo, kwa maoni yangu, jambo hili limepangwa kwa uangalifu kuliko katika NAICS. Kampuni inayomiliki hisa za kampuni tanzu bila kuziendesha imewekwa kwenye 6420, pamoja na shughuli za fedha. Ofisi kuu inayoendesha na kusimamia kampuni za kundi lake imewekwa kwenye 7010, ndani ya huduma za kitaalamu. Mshauri wa uendeshaji, anayeuza maarifa yake kwa wateja wa nje, yuko jirani kabisa, kwenye 7020. Anayehudumia majengo kwa pamoja yuko kwenye 8110, na anayefanya kazi za ofisi kwa pamoja yuko kwenye 8211. Kumiliki, kuendesha na kushauri ni mambo matatu, na kila moja limepewa nyumba yake.

Lakini upangaji mzuri haumsaidii asiyeelewa maneno yake. Mwanamke wa Morogoro mwenye kikundi cha usafi, au kijana wa Tanga mwenye kampuni ya kusimamia miradi ya ujenzi, akikutana na orodha ya shughuli iliyoandikwa kwa Kiingereza cha watakwimu, huchagua jina linalofanana na lile alilolisikia katika semina, na neno usimamizi ni neno linalovutia kwa sababu linasikika kuwa na heshima kuliko neno usafi. Amechagua 7010 mahali ambapo kazi yake ni 8121, yaani usafi wa majengo, au amechagua 7020 kwa kuwa aliambiwa washauri wanalipwa vizuri. Baadaye anakwenda kuomba leseni ya biashara, kisha anaingia katika NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023, na huko nako anatakiwa achague aina za shughuli anazoombea zabuni. Karatasi zake zikiwa na kauli tofauti, anayepoteza ni yeye. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 imeendeleza utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na Kenya nayo ina utaratibu wake wa asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hiyo ni nafasi iliyopiganiwa, na inasikitisha ikiwa mtu ataikosa kwa sababu ya jina la shughuli alilolichagua siku ya kwanza ya usajili bila ya kuwa na mtu wa kumfafanulia.

Hapa kuna tofauti ambayo wasomaji wanaohama kati ya nchi hizi mbili wanapaswa kuijua. Kwa Marekani, msimbo ndio unaoamua hata kama wewe ni mdogo au mkubwa, kama nilivyoeleza, na ndugu wengi wakirudi nyumbani hudhani mambo ni hivyohivyo. Kwa Tanzania na Kenya nafasi iliyotengwa hutazama kwanza wenye kampuni ni akina nani, na jina la shughuli linakuja kuthibitisha kwamba kazi inayoombwa wanaiweza na wana leseni yake. Na aliyezoea utaratibu wa nyumbani akija huku hudhani inatosha kueleza yeye ni nani, kisha anashangaa kuona swali la kwanza analoulizwa ni kwamba anauza nini na kwa miaka mitano ameingiza kiasi gani.

Ombi langu kwa BRELA, kwa mamlaka ya ununuzi wa umma na kwa wizara inayohusika na biashara ni dogo na haligharimu mabilioni. Pale mtu anapobofya kuchagua shughuli, chini ya kila msimbo iwekwe sentensi moja au mbili za Kiswahili zinazosema nani anahusika na nani hahusiki, pamoja na mfano wa kazi halisi inayojulikana mitaani. Chini ya 6420 pasemwe kwamba huyu anamiliki tu na hana huduma anayoiuza. Chini ya 7010 pasemwe kwamba huyu anaendesha kampuni za kundi lake mwenyewe. Chini ya 7020 pasemwe kwamba huyu anashauri wateja wa nje kwa malipo. Kazi hiyo ingefanywa na watakwimu wawili wakikaa na mtaalamu mmoja wa lugha, na ninaamini ingeokoa safari nyingi za watu kurudi ofisini kubadilisha taarifa za kampuni. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Kampuni mama, kampuni tanzu, kampuni hodhi na mzabuni ni maneno ambayo gazeti lako huyatumia kila wiki na wasomaji wanayaelewa.

Kwa gazeti lako pia nina ombi, kwamba kurasa za biashara zitenge nafasi, hata robo ukurasa kwa mwezi, kueleza msimbo mmoja au miwili kwa wakati, tukianza na hii ya usimamizi ambayo inachanganya wengi. Nipo tayari kuandika yale yanayohusu Marekani bila malipo, na wapo wahasibu na wanasheria nyumbani wanaoweza kuandika yale ya Tanzania na Kenya kwa uhakika kunizidi.

Binamu yangu tuliketi naye Jumamosi mbili. Kampuni ya usafi tuliisajili yenyewe, kwa 561720 kama msimbo mkuu na 561210 kando yake kwa sababu tayari alikuwa anafanya matengenezo madogo katika majengo mawili ya watu binafsi. Ya malori tukaisajili kwa shughuli zake. Na kampuni mama ikabaki mahali pake, kwenye fomu za kodi na kwenye mstari wa mmiliki. Miezi minne baadaye alitumiwa kwa mara ya kwanza ombi la kueleza uwezo wake kwa ajili ya jengo moja la serikali hapa Maryland. Zabuni ile aliikosa kwa bei, ya pili anaiandaa wiki hii, na ameniomba nimsomee tangazo lake kuanzia ukurasa wa kwanza, ule wenye msimbo.

Wako,
Mhasibu,
Silver Spring, Maryland